Kabla ya Kukodi Shamba Bondeni, Tafuta Ramani ya Zamani



Leo siandiki kuhusu mbolea wala dawa ya ukungu. Naandika kuhusu karatasi. Najua wengine mtasema bibi shamba kaishiwa mada, lakini vumilieni, maana karatasi hii ingeokoa hela za watu ninaowafahamu, na mimi nisingekuwa na deni la aibu ninalolibeba mpaka leo.

Misimu kadhaa iliyopita kikundi cha vijana watano kilinipigia simu niende kuwaangalizia eneo huku Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Walikuwa wamepata ekari mbili za tambarare. Anayeijua Mgeta anajua tambarare huku ni kama lulu. Mashamba yetu mengi yananing'inia mlimani, ukiangusha kabichi unaifuata mtoni. Hawa walipata sehemu pana, udongo mweusi wenye kokoto kidogo, kijito kiko hatua chache na barabara ya gari haiko mbali. Nikakanyaga shamba lote, nikachimba, nikapima pH, nikaangalia kina cha udongo. Nikawaambia, "Hapa mmepata."

Wakalipa kodi ya miaka mitatu kwa mkupuo. Wakaweka kitalu nyumba cha hoho, simtanki na mipira ya matone, sehemu iliyobaki wakapanda kabichi na karoti. Msimu wa kwanza walivuna vizuri, gari likapakia kwenda Dar es Salaam. Masika ya pili, usiku mmoja mvua ilinyesha kama inamwagwa na ndoo. Asubuhi shamba halikuwepo. Kulikuwa na mawe makubwa kama mbuzi aliyelala, magogo na matope ya kufika kiunoni. Nguzo za kitalu nyumba tulizikuta mbali sana chini ya bonde. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyelala shambani siku ile.

Nilipokwenda kuwapa pole, alikuwepo mzee mmoja jirani amesimama na fimbo yake. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, tukaangalia kimya kwa muda. Kisha akasema:

"Mwanangu, hapa ndipo mto unapokuja kulala. Sio kila mwaka. Ukikumbuka, unakuja. Sisi hapa tulikuwa tunapanda magimbi tu."

"Sasa mzee, mbona hamkuwaambia vijana?"

"Vijana waliuliza bei. Habari za mahali hawakuuliza. Na wewe bibi shamba ulipita hapa, ukanisalimia vizuri tu, ukaondoka."

Sikuwa na jibu.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa natafuta mafaili ya zamani ofisini. Nyuma ya kabati nikakuta ramani imekunjwa, pembeni imeliwa na mende. Ramani ya topografia ya eneo letu, ile ya kipimo cha 1:50,000. Nikaitandaza mezani, nikatafuta barabara, nikafuata kijito mpaka kwenye lile shamba. Katikati ya ekari mbili za wale vijana ulipita mstari wa bluu wa vipande vipande. Huo ndio alama ya mkondo wa msimu, unaotiririka mvua ikizidi tu. Juu yake mistari ya kontua imebanana na kuchongoka kama herufi V, yaani korongo, na ikifika kwenye tambarare inafunguka ghafla. Korongo likifunguka hivyo, linamwaga pale kila lilichobeba. Ile tambarare tuliyoishangilia ilitengenezwa na mafuriko ya zamani. Kokoto kwenye udongo zilikuwa zinaniambia, na mimi sikusikia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kijana asilipe hata shilingi moja ya kodi ya shamba la bonde la mlimani kabla ya kuiona ramani ya kontua ya eneo hilo na kukaa na mzee wa mahali. Na afisa ugani asitie sahihi yake, wala kutoa neno lake, kabla ya kufanya hayo mawili. Mimi nimejifunza kwa hela za watu wengine. Ninyi jifunzeni bure.

Bonde hili liliingiaje kwenye karatasi?

Wakati wa Wajerumani ilitolewa ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya kipimo cha 1:300,000, iliyoandaliwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapwa Berlin. Ilikuwa kazi kubwa kwa wakati wake, lakini sehemu kubwa ilitokana na njia za wasafiri na maofisa waliotembea na dira na saa, wakaandika safari zao, halafu wachoraji Ulaya wakaziunganisha. Kwenye kipimo hicho sentimita 1 ni kilomita 3. Mlima upo, mto mkubwa upo, njia ipo. Korongo lako halipo. Ilikuwa ramani ya kutawala na kusafiri. Ya mkulima haikuwa hiyo.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Uingereza ilianzisha idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine. Huyu alikuwa anaijua nchi yetu, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliongoza kipande cha Tanganyika cha upimaji wa mstari mrefu wa meridiani ya 30, unaokwenda kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Mwaka 1957 idara hiyo ikabadilishwa jina ikawa Directorate of Overseas Surveys. Njia yake ilikuwa picha za ndege. Ndege inapita juu kwa mistari, inapiga picha zinazopishana, kwa hiyo kila sehemu ya ardhi inaonekana kwenye picha mbili zilizopigwa kutoka pande mbili tofauti. Ukiziangalia pamoja kwa chombo maalumu, unaona mlima umeinuka kama unavyouona kwa macho yako mawili. Wapimaji wakaweka alama za uhakika ardhini, wakazitumia kuzifunga picha mahali pake, kisha wakachora mistari ya kontua. Baada ya uhuru idara yetu ya upimaji na ramani iliendelea na kazi hiyo, na mfululizo huo wa 1:50,000 unajulikana kwa namba Y742.

Nimeeleza haya ili mjue kwamba hiyo karatasi si mchoro wa kukisia. Kuna mtu alilikagua bonde lenu, mkunjo kwa mkunjo, na kila kijito alichokiona akakichora.

Bonde letu limeshawahi kutoa somo

Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua kubwa Mgeta, zaidi ya milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu. Udongo ukaporomoka mahali pengi mno, karibu maporomoko elfu moja kwa mkupuo mmoja. Watafiti wa mradi wa mmomonyoko wa udongo wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, wakiwemo Paul Temple na Anders Rapp, walikuja kuyapima na kuyachora. Walichokikuta kila mkulima wa mlimani anatakiwa akijue: maporomoko yaliyoanzia ndani ya msitu hayakufika hata asilimia 1. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye nyasi za mashamba yaliyopumzishwa.

Tafakari hapo. Mvua ile ile, mlima ule ule. Palipokuwa na miti, mizizi ilishika. Palipolimwa, udongo ulishuka na kuingia kwenye makorongo, na makorongo yakaupeleka kwenye mito. Kwa hiyo unapoangalia shamba la bondeni usiishie kwenye mpaka wa shamba lako. Uliza: juu yangu kuna nini? Ramani ya zamani inakuonyesha msitu ulifika wapi enzi zile. Ukisimama leo ukaona pale penye rangi ya kijani sasa ni viazi mpaka kileleni, jua kwamba lile korongo lina mzigo mkubwa kuliko lilivyokuwa zamani. Ramani ni ya zamani, ndiyo, na ndiyo faida yake hapa. Inakupa picha ya kabla, na ya sasa unayo machoni.

Na tusisahau tunakaa wapi. Mto Mgeta unateremka magharibi, unazunguka kusini mwa milima, unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Matope yetu yana safari ndefu. Watu wanaonunua kabichi zetu ndio wanaokunywa maji yanayopita mashambani kwetu.

Lakini ramani siyo Msahafu

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Kuna watu wakiona ramani wanaacha kuwaona watu. Historia ya milima hii inatuonya.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi Uluguru. Wakubwa waliona miteremko mikali, waliona mmomonyoko, na tatizo kweli lilikuwepo. Dawa yao ikawa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, kwa amri na kwa faini. Sehemu nyingi matuta hayo yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, na kazi yake ilikuwa nzito mno. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo, upande wa mashariki, walikataa. Kukawa na vurugu, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaishia hapo.

Mimi ni mtu wa ugani, na hiyo hadithi inaniuma kwa sababu waliokuwa wanasimamia matuta yale walikuwa maofisa kama mimi. Walijua mteremko. Hawakujua kina cha udongo wa kila kipande, hawakujua nguvu kazi ya kaya. Na hawakujua ardhi ni ya nani. Kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo wa upande wa mama, na hakuna mstari wa kontua unaoonyesha ukoo. Wakati huo huo huku Mgeta wakulima walikuwa tayari na ngazi zao ndogo, za kufukia majani na magugu kwenye mteremko, ambazo zilirutubisha udongo badala ya kuufukua. Ujuzi ulikuwepo. Haukuulizwa.

Kwa hiyo ramani inakuambia maji yatapita wapi. Mzee anakuambia yalipita lini mara ya mwisho na yalifika wapi, na pia kama huyo anayekukodisha ana haki ya kukodisha. Ukichukua kimoja ukaacha kingine, utalia.

"Si nina simu?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na vijana, na ni swali zuri. Simu ina setilaiti, ina ramani, ina mwinuko kutoka usawa wa bahari. Karatasi ya nini?

Nina kisa kingine. Kijana mmoja, mchapakazi kweli, alitaka kuvuta maji kwa mserereko kutoka kwenye banio mpaka kwenye tenki. Akasimama kwenye banio akasoma mwinuko kwenye simu, akaenda kwenye tenki akasoma tena. Tofauti ikatoka mita 15, banio liko juu. Akafurahi, akanunua mipira, akachimba mtaro, akafukia. Maji hayakufika. Tulipoweka sehemu zote mbili kwenye ramani zilikuwa kati ya kontua mbili zinazofuatana, maana yake hata kama simu ilikuwa sahihi pamebana sana. Tukapima kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, ile njia ya fundi ujenzi. Tofauti haikufika hata mita mbili, kwa umbali mrefu na kona nyingi. Msuguano ndani ya mpira ulikula nguvu yote.

Simu kukosea mwinuko kwa mita 10 au 20 ni jambo la kawaida, na ndani ya bonde jembamba inakosea zaidi kwa sababu milima inaizuia kuona setilaiti za kutosha. Ile mistari ya kontua unayoiona kwenye programu nyingi za simu nayo ina asili yake. Nyingi zinatumia vipimo vya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilichoipima dunia kwa rada kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Vipimo hivyo ni vya miraba ya kama mita 30. Kwa kilimo cha tambarare ni msaada mkubwa. Kwenye korongo la upana wa mita 10 vinapita juu yake kama halipo, na penye msitu rada inasoma karibu na vilele vya miti, siyo ardhi. Sisemi simu itupwe. Nasema simu na karatasi vikikutana, vinasahihishana.

Kuna mtego mmoja hapa, na wasomi wengi wanaangukia. Ramani za zamani zilitengenezwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za simu ukaziweka moja kwa moja kwenye gridi ya karatasi, unakosea kwa karibu mita 300. Kwenye bonde letu hizo mita zinakuhamisha ng'ambo ya mto, au zinakutoa kwenye korongo na kukuweka mgongoni mwa kilima ukadhani uko salama. Tafuta programu inayokuruhusu kuchagua Arc 1960, au tumia alama za kuonekana: makutano ya vijito, kona ya barabara, kanisa la zamani.

Namna ya kuisoma, kwa ufupi

Kwanza, soma pembeni ya karatasi kabla ya kuangalia katikati. Angalia mwaka picha zilipopigwa na mwaka wa kuchapwa. Angalia kontua zinapishana kwa kiasi gani, na kama ni futi au mita. Karatasi nyingine ni futi 50, ambazo ni kama mita 15. Ukichanganya futi na mita umeharibu mahesabu yote.

Pili, kumbuka kipimo. Kwenye 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na milimita 1 ni mita 50. Ekari zako mbili hazifiki upana wa milimita 2. Kwa hiyo ramani hii usiitumie kugombania mpaka na jirani. Kazi yake ni kukuonyesha shamba lako liko kwenye nini.

Tatu, tafuta mistari ya bluu yote inayokaribia shamba lako, ya moja kwa moja na ya vipande. Ya vipande iogope zaidi, kwa sababu kiangazi unaweza kutembea humo na viatu vya kanisani. Kisha hata pasipo na bluu, angalia kontua zilizochongoka kuelekea mlimani. Hapo maji yanapita, hata kama mchoraji hakuweka mstari.

Nne, hesabu mteremko. Mfano: kontua 5 za futi 50 zinapandwa ndani ya milimita 4. Urefu wa kupanda ni kama mita 76, umbali ni mita 200. Huo ni mteremko wa asilimia 38. Hapo usiniambie habari za trekta ya mkono na karoti za mstari wa juu-chini. Hapo ni makinga maji, nyasi za kingo, matunda kama plamu na pichi, na malisho ya mbuzi wa maziwa.

Tano, kama unavuta maji, hesabu kontua kati ya banio na shamba. Kila mita 10 za kushuka zinakupa presha ya kama baa 1. Kontua 6 za futi 50 ni mita 91, yaani baa 9. Bomba la PN 6 linastahimili baa 6. Litapasuka, na litapasuka usiku ukiwa umelala. Weka tenki la kuvunjia presha katikati, au nunua bomba la daraja la juu kwa kipande cha chini. Baada ya ramani, thibitisha ardhini kwa mpira wa maji au kwa fremu A kabla ya kununua chochote.

Sita, pima mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye karatasi ni milimita 1 na kitu. Najua sheria hii inauma kwenye mabonde membamba ambako mita 60 ndiyo shamba zima, na najua wengi wanalima humo. Lakini ukiweka mtaji wa mamilioni humo, unaweka kwenye mdomo wa mamba wawili, mto na sheria. Na maji yenyewe yanahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwetu ni Wami/Ruvu.

Saba, beba hiyo ramani mpaka kwa mzee. Usimwonyeshe karatasi kwanza. Msalimie, kaa, muulize majina ya vijito na ya kila kipande. Majina ya huku yanasema: pengine panaitwa kwa jina la matope, pengine kwa jina la mawe, pengine kwa jina la kitu kilichozama. Kwenye ramani majina mengi yameandikwa kama sikio la mgeni lilivyosikia, hivyo maana imepotea. Yeye anayo.

Nani afanye nini

Ramani hizi hazijafichwa. Idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi inaziuza. Lakini niambieni ni kijana gani anayetoka Nyandira au Bunduki atajua hivyo, na ni ofisi ngapi za kata zenye nakala ukutani. Tunabandika kalenda za kampuni za mbegu, ramani ya kata yetu hatuna. Maoni yangu ni kwamba kila halmashauri ya milimani inunue karatasi za maeneo yake, izitoe nakala, na kila ofisi ya kata iwe nayo. Kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi, ramani hiyo itandazwe mezani, na wazee wakae upande mmoja na vijana upande wa pili. Gharama yake ni ndogo kuliko kitalu nyumba kimoja.

Sisi maofisa ugani nasi tubadilike. Tumefundishwa udongo, wadudu na magonjwa. Kusoma kontua tulifanya darasani kwa ajili ya mtihani, tukasahau. Mkulima akituita kuangalia eneo tunainama kuangalia ardhi, hatuinui kichwa kuangalia mlima.

Na ninyi vijana, kikundi chenye watu watano kikichanga nauli kinapata hiyo karatasi. Mnachanga kwa ajili ya mengi.

Wale vijana wangu watano hawajaacha kilimo. Watatu wamerudi mlimani, wamechukua eneo dogo zaidi kwenye mgongo wa kilima, maji wanayavuta kwa bomba. Safari hii tulianza na ramani, tukamaliza kwa yule mzee. Aliitazama karatasi muda mrefu, akaweka kidole kwenye kile kijito, akanicheka.

"Kumbe mlikuwa mnajua," akasema.

Tulikuwa tunajua. Ilikuwa kabatini.

Kazi njema shambani.